Konda Asichague Abiria: Intaneti, Kampuni na Dola

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusimama kituoni Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi anaifahamu kanuni ninayotaka kuizungumzia leo, ingawa huenda hajawahi kusikia jina lake. Daladala inafika, konda anatupa jicho, anaona sare za shule, anaziba mlango kwa mkono. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda anamhesabu kuwa hasara. Sheria haimruhusu kufanya hivyo. Aliyepewa leseni ya kubeba umma katika njia fulani hana ruhusa ya kuchagua nani apande na nani abaki, wala hana ruhusa ya kukatisha ruti na kuwashusha watu njiani kwa sababu ameona abiria wenye faida zaidi upande wa pili. Akifanya hivyo sote tunakubaliana kwamba amekosa, na tunataka mwenye mamlaka amwajibishe.

Kanuni hiyo ni kongwe kuliko magari. Mwenye jahazi, mwenye kivuko, shirika la reli, posta na kampuni ya simu wote wamewahi kufungwa nayo. Wanasheria humwita mtu wa namna hiyo mchukuzi wa umma: anabeba mzigo wa yeyote aliyelipa, kwa masharti yanayojulikana, pasipo kuufungua ili aone kama unampendeza. Swali la zama zetu ni kama kampuni inayotuletea intaneti nayo ni mchukuzi wa umma, au ni mwenye duka anayejipangia bidhaa zake apendavyo.

Jibu langu ni kwamba ni mchukuzi. Lakini ninayo hoja ya pili, na hiyo naona haisemwi vya kutosha huku kwetu: kanuni inayomfunga konda haina maana ikiwa haimfungi pia askari anayesimamisha daladala barabarani.

Tuanze na nchi ambako mjadala huu umepigwa kwa muda mrefu kuliko kwingine, yaani Marekani. Mwaka 2003 mwanasheria Tim Wu aliandika makala iliyoipa kanuni hii jina lililoenea duniani, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulieleza kuwa ni mtandao usiobagua. Maana yake haina utata. Mtoa huduma asizuie, asipunguze kasi, wala asiuze upendeleo kwa kuangalia data inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani au inabeba nini. Hofu iliyozaa kanuni hii ilikuwa na misingi. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya simu iitwayo Madison River, yenye makao North Carolina, ilibainika kuwa inazuia huduma ya Vonage, ambayo iliwawezesha watu kupiga simu kwa njia ya intaneti. Kampuni ilikuwa inailinda biashara yake ya simu za kawaida. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, iliingilia kati, na kampuni ikalipa dola 15,000 na kuacha. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba Comcast, mmoja wa watoa huduma wakubwa kabisa nchini humo, ilikuwa ikivuruga usafirishaji wa mafaili kwa njia ya BitTorrent.

Tangu hapo Wamarekani wamekuwa kwenye pembea. FCC ilitunga kanuni mwaka 2010. Januari 2014 mahakama ikatengua sehemu kubwa ya kanuni hizo. Februari 2015, chini ya mwenyekiti Tom Wheeler, tume ikapiga kura 3 kwa 2 na kuwaweka watoa huduma za intaneti katika kundi la wachukuzi wa umma, kwa mujibu wa sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934. Desemba 2017, chini ya Ajit Pai, tume hiyo hiyo ikapiga kura 3 kwa 2 na kufuta uamuzi huo. Aprili 2024 kura zikawa 3 kwa 2 tena, na kanuni zikarudi. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitengua, ikisema kwamba sheria iliyotungwa na Bunge haikuipa tume uwezo wa kuwaweka watoa huduma hao katika kundi hilo. Jimbo la California, lililokuwa limechoka kusubiri, lilijitungia sheria yake mwaka 2018.

Yapo mengi ya kujifunza katika historia hiyo, lakini mimi nachukua moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini Bunge la Marekani halikukaa chini na kuandika sheria iliyo wazi juu ya jambo hili. Likaiacha kazi mikononi mwa watu watano, ambao wingi wao hubadilika kila rais anapobadilika. Haki ambayo watu watatu wanaweza kuiandika leo na watatu wengine kuifuta kesho ni kibali cha msimu tu. Haijafika kuwa haki. Na hiyo ni nchi ambako mahakama zinaweza kumwambia mdhibiti kwamba amevuka mpaka wake, naye akatii.

Sasa turudi nyumbani. Katika Afrika ya Mashariki walio wengi huingia mtandaoni kwa simu ya mkononi, na huingia kwa bando. Kampuni za simu zimebuni vifurushi vya kila aina: vya usiku, vya siku moja, vya saa chache, na vile vya mitandao ya kijamii peke yake, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko ya data ya kawaida. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni huruma. Kijana asiye na fedha ya bando kamili anapata angalau WhatsApp.

Tazama, hata hivyo, linalotokea baada ya hapo. Kila muhula nawatumia wanafunzi wangu makala za kusoma kupitia kundi la darasa. Wapo wanaouona ujumbe, wanauona na mjadala wa wenzao, lakini hawawezi kuifungua makala yenyewe, kwa kuwa bando lao linaishia kwenye mlango wa WhatsApp. Hali ni hiyo hiyo katika siasa. Mswada uko kwenye tovuti ya Bunge. Porojo juu ya mswada ziko kwenye makundi. Mtu mwenye bando la makundi peke yake atasikia porojo kumi kabla ya kuuona mswada mara moja, na pengine hatauona kamwe. Kisha tunamlaumu kwamba hasomi na kwamba anaamini kila anachotumiwa. Tumemuuzia barabara inayofika sokoni lakini haifiki maktaba, halafu tunashangaa kumkuta sokoni kila siku.

Wapo pia wanaojenga. Kijana wa Mwanza au Kisumu aliyetengeneza programu ya kuwaunganisha wavuvi na wanunuzi anashindana na kampuni ya California ambayo huduma yake ni ya bei ya kutupa kwenye kila simu, ilhali ya kwake inakula data ya kawaida. Mteja hana haja ya kuipima ipi bora. Bei imekwisha kumwamulia, na bei hiyo imepangwa na mchukuzi.

Facebook ililijua jambo hili mapema. Mpango wake wa intaneti ya bure, uliokuja kuitwa Free Basics, ulianza Zambia mwaka 2014, na mwaka huo huo ukafika Tanzania na Kenya kwa ushirikiano na kampuni za simu. Mtumiaji alipata bila malipo tovuti chache zilizokubaliwa kuingia katika mpango huo. Nje ya hizo alilipa. Sisi tulipiga makofi. Wahindi walipoletewa mpango huo huo waliuliza: nani anachagua hizo tovuti chache, na kwa idhini ya nani? Mjadala ukawa mkubwa, wananchi wakauandikia mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, na tarehe 8 Februari 2016 mamlaka hiyo ikapiga marufuku bei zinazotofautiana kwa kuangalia maudhui. Free Basics ikaondoka India.

Najua pingamizi litakalotolewa, nami naliheshimu kwa sababu linatoka kwa watu wanaowafikiria maskini. Wanauliza: afadhali kidogo au kukosa kabisa? Mwenye njaa unamnyang'anya kipande cha muhogo kwa sababu si wali? Jibu ni kwamba kampuni ikitaka kumsaidia maskini inayo njia isiyobagua: impe kiasi fulani cha data cha bei nafuu, au hata cha bure, aamue mwenyewe akitumie wapi. Hakuna kanuni ya mtandao usiobagua inayokataza unafuu. Inachokataza ni unafuu wenye masharti ya kwenda kwa fulani tu. Na tukitazama India tena, Septemba ya mwaka huo huo wa 2016 kampuni ya Jio iliingia sokoni na bei ya data ikaporomoka. Sidai kwamba marufuku ndiyo iliyoishusha bei. Ushindani ndio ulioishusha. Nadai tu kwamba marufuku haikumnyima maskini intaneti, kama ilivyokuwa imetabiriwa.

Wahandisi nao wana neno lao, kwamba mtandao wowote huhitaji kusimamiwa. Ni kweli. Kukiwa na msongamano, au shambulio la kihalifu, au barua taka kwa mamilioni, mwendeshaji lazima achukue hatua, kama vile magari yanavyoipisha gari la wagonjwa. Lakini gari la wagonjwa tunalipisha kwa sababu ya hali iliyomo ndani yake, na kwa kanuni inayojulikana na wote. Hatulipishi kwa sababu mwenye gari amemlipa askari. Tofauti hiyo inaweza kuandikwa kwenye sheria. Umoja wa Ulaya uliiandika mwaka 2015.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani nitamaliza kwa kuitaka serikali izidhibiti kampuni, basi. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Huku kwetu anayebagua mtandaoni mara nyingi si kampuni. Ni dola yenyewe.

Uganda ilitupa mfano wa wazi kuliko yote. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook au Twitter alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku kabla hajafunguliwa. Rais Museveni alikuwa amekwisha kulalamika kwa maandishi juu ya umbea wa mitandaoni. Tafakari maana yake: kile ambacho Madison River ilitozwa faini kwa kukifanya, yaani kuweka kizuizi mbele ya huduma fulani na kuziacha nyingine, Uganda ilikifanya kwa sheria ya kodi, na kampuni za simu zikawa makarani wa kukusanya. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Hiyo ya pili ni mzigo kwa mwananchi, nayo ina ubaya wake, lakini angalau haimuulizi anakwenda wapi. Hata hivyo kabla ya kufika huko, Januari 2021, intaneti nzima ya Uganda ilizimwa kwa siku kadhaa za uchaguzi.

Wenzetu wenye ndugu Ghuba wanajua sura nyingine ya jambo hili. Kwa miaka mingi katika Umoja wa Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa, na anayetaka kupiga simu kwa intaneti huelekezwa kwenye huduma zilizoidhinishwa. Binti wa Tanga au Mombasa anayefanya kazi za ndani Dubai anaweza kumwandikia mama yake, lakini sauti yake haipiti. Katika mfano huo kampuni na dola hazivutani hata kidogo. Zimekaa meza moja, kila mmoja na faida yake, na anayelipa ni mama aliyeko Tanga.

Kisha Tanzania. Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliziagiza kampuni zisitishe kwa muda ujumbe wa simu wa jumla, na watumiaji wengi wakajikuta hawaingii Twitter wala WhatsApp. Mwaka 2023 ikatolewa amri kwamba watumiaji wa VPN wajitambulishe. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikuanza kurudi hadi siku tano hivi baadaye. Dar es Salaam ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Hizo ndizo siku ambazo watu walitafuta ndugu zao wasijue kama wako nyumbani, hospitali au mochwari. Sihitaji kumweleza mtu aliyezipitia siku zile thamani ya ujumbe mmoja wa maneno mawili: niko salama.

Serikali husema huzima ili kuzuia uvumi na vurugu. Uvumi upo, nao huua. Lakini giza halijapata kuwa dawa ya uvumi. Aliyenyimwa habari huamini ya jirani, na jirani huamini ya mpita njia, na hakuna mwandishi wala ofisa anayeweza kukanusha kwa sababu njia ya kukanushia nayo imezimwa. Mtu akipanda basi akiwa na kisu tunamkamata yeye. Hatuivunji barabara yote kutoka Morogoro hadi Mbeya.

Hapa ndipo ugumu wa kweli ulipo. Tunamwomba mdhibiti atulinde dhidi ya kampuni, na mdhibiti huyo huyo ndiye anayeagiza kampuni zizime. Wala siyo kwamba hana uwezo wa kututetea. Aprili 2021, vifurushi vipya vilipopandisha gharama na wananchi wakapiga kelele, amri ilitolewa bei za awali zirudishwe, na zikarudishwa. Mkono unaoweza kumrudishia mwananchi shilingi zake ndio mkono unaoweza kumzimia simu. Uimara wa mkono si hoja. Hoja ni kwamba hakuna kilichoandikwa kinachouambia lini unyooke na lini ujizuie.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na makundi mawili ninayoyasikia mara kwa mara. La kwanza linasema serikali iondoe mikono yake yote mtandaoni, soko litajirekebisha. Kundi hilo linasahau kwamba kampuni isiyo na mdhibiti huko Marekani iliziba simu za mshindani wake, na kwamba katika nchi yenye kampuni chache za simu mteja hana pa kukimbilia. La pili linasema serikali ndiyo mlinzi wa watu, tuiachie. Kundi hilo linasahau Oktoba. Makundi yote mawili yanachagua bwana. Kinachotakiwa ni kanuni ambayo mabwana wote wawili wataishi chini yake.

Kanuni hiyo lazima iwe kwenye sheria iliyopitishwa na Bunge, si kwenye waraka wa waziri wala maelekezo ya mamlaka, maana tumeona Marekani jinsi maelekezo yanavyopinduliwa. Kwa maoni yangu iwe na vifungu vinne. Kwanza, mtoa huduma asizuie, asipunguze kasi wala asipendelee kwa kuangalia mtumaji, mpokeaji au maudhui, isipokuwa kwa sababu za kiufundi zilizoorodheshwa. Pili, bei ya data isitofautiane kwa kuangalia inakokwenda. Tatu, hakuna ofisa yeyote, awe wa mamlaka, wa wizara au wa usalama, mwenye uwezo wa kuagiza huduma izimwe au tovuti ifungwe bila amri ya mahakama iliyotolewa kwa maandishi, kwa sababu zilizotajwa na kwa muda uliowekwa. Na amri hiyo itangazwe. Nne, kampuni iliyopokea agizo lisilo na amri hiyo iwe na wajibu wa kulikataa, na leseni yake isiguswe kwa kukataa.

Kifungu cha nne ndicho wengi watakachokipuuza, nami nakiona kuwa moyo wa yote. Anayezima mtandao mwisho wa yote ni mhandisi aliyekaa mbele ya mitambo, akiwa na simu ya ofisa sikioni. Leo mhandisi huyo hana karatasi ya kujikinga nayo. Leseni ya mwajiri wake iko mikononi mwa anayempigia simu. Mpe karatasi.

Haya si mambo ya ndotoni. Januari 2019 serikali ya Zimbabwe ilizima intaneti wakati wa maandamano, na Mahakama Kuu mjini Harare ikaamua kwamba waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka ya kulitoa; huduma ikarudi. Juni 2020 Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi iliamua kwamba Togo ilivunja uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyoruhusu jambo hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 34, inataka chombo cha kusimamia vyombo vya habari kiwe huru dhidi ya serikali, dhidi ya wanasiasa na dhidi ya wafanyabiashara, yaani dhidi ya konda na askari kwa pamoja. Na ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana pasipo kuingiliwa. Msingi umekwisha kuchimbwa. Kinachokosekana ni ukuta.

Najua ukuta huo hautajengwa na Bunge lisiloulizwa. Kwa hiyo naomba tuanze na la karibu. Wanafunzi wa sheria waandike rasimu ya vifungu hivyo vinne, kwa Kiswahili ambacho diwani anaweza kukisoma. Wafanyabiashara wa mitandaoni waandike hesabu ya walichopoteza siku tano zile, shilingi kwa shilingi, waipeleke kwa mbunge wao. Na kila mmoja wetu, mgombea atakapokuja tena kuomba kura kwa kutuahidi minara na kasi ya intaneti, amuulize kwanza swali dogo: swichi ya huo mnara atakuwa ameishika nani, na kwa sheria ipi?